Aliyekosa Shamba Akakosa Jina

Karibu kila ukoo wenye mizizi katika nchi hii iliyo kati ya Mto Ruiru na Mto Chania una mtu anayetajwa kwa sentensi moja tu. Ni ndugu wa babu ambaye "alienda Thika kwa wazungu, hakurudi". Ni dada wa nyanya ambaye "alikaa misheni". Ni kijana ambaye "alichukuliwa Kariokor". Ukiuliza swali la pili, mzee hutikisa kichwa, na mazungumzo hurudi kwa wale walioacha uzao na mashamba. Hoja ninayotaka kuitetea jioni hii ni kwamba watu hao hawakusahaulika kwa kukosa karatasi. Wengi wao waliandikwa mara nyingi kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Walisahaulika kwa sababu familia zetu zimezoea kutunza karatasi kwa ajili ya ardhi, na karatasi isiyo na shamba ndani yake huonekana haina kazi. Anayetaka kumpata jamaa wa aina hiyo hana budi kubadilisha swali lake. Asiulize kwanza nani alirithi. Aulize nani alifanya kazi, wapi, kwa nani, na kwa mshahara gani.

Fikirieni yaliyomo katika sanduku la bati la mzee wa Gatundu au Juja. Juu kabisa kuna hatimiliki ndani ya bahasha ya kaki. Chini yake kuna risiti za kodi, ramani ya mpimaji, barua ya chifu, na nakala ya hukumu ya kesi ya mpaka. Ruiru kuna pia vyeti vya hisa, kwa sababu sehemu kubwa ya mashamba ya masetla ilinunuliwa na kampuni za wananchi waliochanga kidogo kidogo, kisha ikagawanywa. Hadi leo baadhi ya hatimiliki za Ruiru Kiu zina neno Githunguri ndani ya namba ya kiwanja, kwa kuwa kampuni iliyonunua ilikuwa ya watu wa huko. Karatasi hizi zimehifadhiwa vizuri kwa sababu huenda zikahitajika kortini kesho asubuhi. Kitabu cha ubatizo cha shangazi aliyekufa bila mtoto hakitahitajika kortini. Kwa hiyo nyumba inapohamwa au mzee anapozikwa, hicho ndicho cha kwanza kuingia motoni.

Mazoea haya yana tarehe. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikusanywe pamoja, vipimwe na kusajiliwa. Katika Kiambu na Murang'a kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya vita vya Mau Mau, raia wakiwa wamehamishiwa vijijini kwa nguvu na maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini. Aliyefungwa hakuweza kusimama mbele ya kamati na kuonyesha mti wa mpaka wake. Mbari, yaani tawi la ukoo, yenye ndugu sita iliweza kuingia kwenye rejista kwa jina la mmoja, ama kwa kuaminiana, ama kwa hila, ama kwa sababu huyo mmoja ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Mahakama zetu zimekuwa zikibeba mzigo huo tangu hapo. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mtu aliyesajiliwa peke yake anaweza kuwa anaishika ardhi kwa amana ya kimila kwa niaba ya wengine. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo kama jambo la mali. Mimi naisoma pia kama onyo kwa mtafiti wa ukoo: hatimiliki ya kwanza, ambayo familia huiheshimu kuliko waraka mwingine wowote, huenda ndiyo inayoficha watu wengi zaidi.

Sasa tazameni Thika na Ruiru zenyewe zilikuwa wapi. Zilikuwa ng'ambo ya mpaka wa hifadhi ya Wakikuyu, katika ardhi iliyogawiwa masetla kwa sheria za ardhi za 1902 na 1915. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika 1913. Mkonge ulienea kuelekea Makuyu, kahawa ikaenea Ruiru, na wafanyakazi wakatoka Murang'a, Ukambani, Meru, Nyanza na kwingineko. Sheria ya maskwota ya 1918 ilimruhusu Mwafrika kukaa kwenye shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Mtu angeweza kuishi Ruiru miaka arobaini, akaoa hapo, akazika hapo, na asiwe na haki ya kumwachia mwanawe hata uwanja wa nyumba. Huko alikotoka, fungu lake lilichukuliwa na waliokuwepo. Alipokufa, rejista ya huku haikumjua na rejista ya kule ilikuwa imemsahau.

Linganisheni na majirani zake. Jos na Nellie Grant walikuja kulima kahawa karibu na Thika mnamo 1912, na binti yao Elspeth, aliyezaliwa 1907, akawafuata. Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika, kitabu kilichoupeleka mji huu masikioni mwa dunia. Barua za Nellie nazo zikachapishwa kitabu kizima 1980. Leo mtu anaweza kujua familia ya Grant ilikula nini, iliogopa nini na ilidaiwa na nani. Waliofyeka pori la shamba lile, wakachimba mashimo na kupanda miche, walikuwa wengi kuliko Wagrant, na walikuwa na mama zao na madeni yao. Wao hawakuandika barua, na hata kama wangeandika hakuna aliyekuwa akiwatunzia. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba hakuna kilichoandikwa juu yao. Waliandikwa na wale waliowalipa.

Hapo ndipo inapokuja karatasi ambayo babu zetu waliichukia kuliko zote. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kukibeba, na kutembea bila kipande kulikuwa kosa la jinai. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba, na waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi. Mlikuwa na jina, wilaya, alama za vidole, kisha mistari ya kazi: mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku ya kuandikwa, siku ya kuachishwa, na sahihi. Kilikuwa chombo cha kumdhibiti mtu asihame. Lakini kwa sababu kilitaka kumfuata kila aendako, kilichobaki mkononi mwetu ni njia yake aliyopita, mstari kwa mstari.

Mistari hiyo inahitaji kusomwa pole pole. Tuseme sehemu ya tarehe imeliwa na mchwa lakini mshahara unaonekana, nao uko kwa rupia. Rupia iliondolewa 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi mwaka 1921. Basi mstari huo umejitaja umri wake. Tuseme mshahara unashuka ghafla mnamo 1921. Mjukuu atadhani babu alikosea kazini. Hapana: mwaka huo masetla walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, na hasira iliyotokana na uamuzi huo ndiyo iliyompa Harry Thuku wafuasi kabla hajakamatwa Machi 1922. Tuseme mtu ameandikwa Oktoba na kuachishwa Januari, mwaka baada ya mwaka. Msimu mkubwa wa kahawa wa Kiambu uko katika miezi hiyo, kwa hiyo huenda alikuwa mchumaji wa msimu aliyerudi kwao kupanda mahindi. Na tuseme kuna mstari wenye siku ya kuandikwa usio na sahihi ya kuachishwa. Mwajiri huenda alikataa kutia sahihi, au mfanyakazi alitoroka. Kama alitoroka, huo ndio mstari pekee kwenye karatasi yote alioamua mwenyewe, nao ulimgharimu, kwani bila sahihi hiyo mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumwandika.

Mfano unaojulikana zaidi wa kumfuata babu kwa karatasi za kazi unatoka Kogelo. Katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, Barack Obama anasimulia jinsi nyanya yake alivyomtolea kijitabu kidogo cha babu yake, Hussein Onyango, pamoja na barua ambazo baba yake alikuwa amewaandikia wakuu wa vyuo vya Marekani. Kijitabu kilikuwa cha watumishi wa nyumbani, waliosajiliwa kwa sheria yao wenyewe. Kilipima kimo cha mtu mzima kama anavyopimwa fahali mnadani, kikahesabu meno aliyopoteza, kisha kikawapa waajiri nafasi ya kutoa maoni. Mmoja alisifu bidii yake. Mwingine alisifu mapishi yake. Mwingine aliandika kwamba hafai na wala hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Nyumbani kwake Onyango alikuwa mzee mkali aliyeogopwa na kila mtu. Kijitabu hakikumpunguza mzee huyo. Kilimwongezea upande ambao watoto wake hawakuwahi kuuona, wa mtu aliyesimama mbele ya vijana wa kizungu akisubiri neno la kuandikwa. Na kilihifadhiwa, jambo linalonigusa zaidi, na mwanamke wa nyumba ambaye hakukihitaji kwa kesi yoyote.

Kuna watakaonipinga hapa, na pingamizi lao ni zito. Watasema: hizi ni karatasi za mkoloni, zimejaa dharau na makosa, na kumjua ndugu yako kwa macho ya aliyemtawala ni kumfunga mara ya pili. Majina yaliandikwa kwa masikio ya kigeni, hata mtu mmoja akaonekana watu watatu. Mahali palibadilishwa majina: Murang'a iliandikwa Fort Hall, na masetla wa mwanzo waliandika Chania Bridge walipomaanisha Thika. Yote hayo ni kweli. Lakini karatasi ya dharau husema mambo mawili kwa pamoja. Husema maoni ya aliyeandika, na hayo tunaweza kuyaacha. Husema pia mambo ambayo hakuwa na sababu ya kudanganya: kwamba siku fulani mtu huyu alikuwa hapa, akilipwa kiasi hiki. Mwajiri aliyedharau mpishi wake hakuwa na faida yoyote katika kubuni tarehe. Tukikataa ushahidi wote wa aliyetawala, tutakuwa tumemwachia yeye kumbukumbu zote, na maskwota wa Ruiru watabaki hawajulikani kwa heshima yetu sisi wenyewe.

Misheni nazo ziliandika, na kwa namna tofauti. Thogoto walikuwa Wapresbiteri wa Scotland, Kambui walikuwa Gospel Missionary Society, Mang'u walikuwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu tangu 1906. Anayetafuta jamaa Mkatoliki ana bahati ya pekee. Sheria ya Kanisa hudai kwamba mtu akifunga ndoa parokia nyingine, habari zirudishwe kwenye parokia alikobatizwa na ziandikwe pembeni mwa jina lake. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa Mang'u akaondoka kijijini asionekane tena anaweza kuwa na maneno mawili matatu pembezoni mwa daftari yanayotaja parokia alikoolewa na mwaka wake. Majina ya wasimamizi wa ubatizo nayo yasipuuzwe. Mara nyingi msimamizi ndiye aliyempokea mgeni, akampa mahali pa kulala, akamtafutia kazi. Ukimpata msimamizi, umepata mlango wa nyumba aliyoishi.

Daftari la misheni lina mapengo yake, na pengo kubwa zaidi katika nchi hii lina mwaka: 1929. Mgogoro wa tohara ya wanawake ulipozuka, waumini wa Thogoto, Kambui na kwingineko walidaiwa waape au watie alama ya kidole gumba kuikana desturi hiyo. Wengi walikataa, wakaondoka, wakaanzisha shule zao wenyewe, na jitihada hiyo ndiyo iliyozaa baadaye chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa 1939 na kufungwa na serikali 1952. Mtu ambaye jina lake linakoma daftarini mwaka 1929 huenda hakufa wala hakuhama. Huenda alikataa. Mtafiti asiyeijua historia ya mahali atamzika mapema mtu aliyekuwa mzima, akiwa labda kwenye ibada ya kanisa la kujitegemea vilima viwili kutoka hapo.

Hata wakubwa hawakuepuka mapengo haya. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Ng'enda hapo Gatundu, hana mwaka wa kuzaliwa unaokubaliwa na wote. Husemwa tu ni miaka ya 1890. Lakini misheni inatuambia aliingia Thogoto Novemba 1909 na kubatizwa Johnstone Agosti 1914. Baada ya hapo alikuja Thika kufanya kazi kwa mhandisi John Cook, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kwenda benki Nairobi, karibu kilomita 40, kuchukua pesa za mishahara. Tunayajua haya kwa sababu alikuja kuwa Rais na waandishi wakamfuatilia nyuma. Lakini siku alipokuwa akibeba mfuko ule, hakuwa tofauti na kijana mwingine yeyote wa Thika. Vyanzo vilivyomfichua yeye, yaani daftari la ubatizo, kumbukumbu ya mwajiri na maneno ya rika lake, vilikuwepo pia kwa wenzake. Kilichokosekana kwa wenzake ni mtu wa kuuliza.

Kwa wanawake kazi ni ngumu zaidi, na sitaki kuirembesha. Kipande hakikuwahusu. Kahawa waliyochuma ilipimwa kwa debe, na mara nyingi debe hilo lilihesabiwa kwa jina la mume au baba. Wakati wa Hali ya Hatari serikali iliwaandika kwa ukali ambao haikuwahi kuuonyesha kabla, kwa kuwafunga: kambi ya wanawake ilikuwa Kamiti, hapo jirani na Ruiru, na wengi walioingia humo hawakuwasimulia wajukuu zao. Lakini kuna rejista moja ambayo haikuandikwa na serikali wala padre. Kwa mila ya Kikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi. Shangazi aliyekufa bila mtoto hurudi kupitia binti wa kaka yake. Panga watoto wa nyumba nzima kwa mfuatano wa kuzaliwa, weka kila jina mahali pake, kisha angalia ni jina gani limebaki bila mwenyewe. Jina hilo lisilo na asili inayojulikana lina mtu nyuma yake. Mila iliyomnyima mwanamke fungu la shamba ilikataa kumnyima jina, na huo ni ushahidi ambao hakuna mchwa anayeweza kuula.

Hapo mzee mwenye busara ataniuliza: kama majina yetu yanasema hivyo, na marika yetu yanasema, karatasi za nini? Kweli, rika ni kalenda nzuri. Vijana waliotahiriwa kipande kilipoingia waliitwa Kibandi, na waliofuata miaka michache baadaye, ndege zilipoanza kuonekana angani, wakaitwa Ndege. Anayemjua babu kwa rika lake ana mwaka wa kukisia ambao cheti cha kuzaliwa kisingempa, kwa kuwa usajili wa vizazi vya Waafrika haukufika nchi nzima hadi 1971. Lakini simulizi hukaza kumbukumbu kuzunguka mambo ambayo ukoo unayahitaji. Hukumbuka aliyeanzisha mbari, hukumbuka vita na mashujaa, na huwapunguza wengine hadi sentensi moja. Turudi Kogelo. Familia ilisimulia kwamba Onyango alifungwa na kuteswa kwa sababu za siasa. David Maraniss, katika wasifu alioutoa 2012, aliwahoji watu na kuona kwamba ushahidi haukuunga mkono masimulizi hayo. Siwaambii ni nani wa kuaminiwa. Nasema tu kwamba bila kuweka maneno na karatasi pamoja, tusingejua hata kwamba kuna swali.

Serikali nayo imetuachia hazina ambayo wachache wanaitumia. Gazeti Rasmi limekuwa likichapishwa tangu 1899, na matoleo yake mengi yanasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tangu Sheria ya Mirathi ianze kutumika tarehe 1 Julai 1981, maombi ya kusimamia mali ya marehemu hutangazwa humo, pamoja na jina la marehemu, mahali alipoishi, siku aliyofariki na jina la mwombaji, kisha wenye pingamizi hupewa siku 30. Matangazo ya korti ya Thika peke yake ni sajili ndefu ya vifo vya watu wa kawaida. Nyuma ya kila tangazo kuna faili, na ndani ya faili kuna kiapo cha fomu P&A 5 kinachotaja walioachwa na marehemu, pamoja na barua ya chifu. Msomeni aliyetajwa, kisha mtafuteni asiyetajwa. Mabinti walioolewa waliachwa nje mara nyingi, ingawa sheria haibagui mtoto wa kiume na wa kike, na Mahakama ya Rufaa ililisisitiza hilo mwaka 2005. Ukilinganisha orodha ya kiapo na daftari la ubatizo la parokia hiyo hiyo, tofauti kati ya orodha hizo mbili itakuonyesha nani aliondolewa.

Nikubali kwamba kuna milango iliyofungwa kwa makusudi. Uingereza ilipoondoka 1963 ilichoma baadhi ya mafaili na kuyahamisha mengine kwa siri, na yaliyohifadhiwa Hanslope Park, huko Uingereza, hayakukiriwa hadi 2011, kesi ya wahanga wa Mau Mau ilipolazimisha. Sasa yanasomeka London, si Kiambu. Wabebaji mizigo wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambao kikosi chao watu walikiita Kariokor, walikufa kwa makumi ya maelfu, na sanamu ya askari iliyosimamishwa Nairobi 1928 inaahidi kwamba wana watayakumbuka majina ya baba zao, bila kuchonga hata jina moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika walinyimwa heshima waliyopewa wengine. Kwa aliyechukuliwa Kariokor, basi, familia inaweza isipate kitu zaidi ya rika lake, jina lake lililorithiwa, na mwaka alioacha kuonekana. Hata hivyo mambo hayo matatu, yakiandikwa pamoja, ni zaidi ya sentensi moja.

Milango mingine inafungwa sasa hivi, mbele ya macho yetu, na hii ndiyo inayonikosesha utulivu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 371,000 katika Kaunti Ndogo ya Ruiru. Kahawa inang'olewa, mashamba yanakatwa viwanja, na kila shamba lilikuwa na ofisi yenye madaftari ya mishahara. Humo mna majina ya vibarua, na hesabu ya tikiti zao, ile kandarasi ya siku 30 za kazi ambayo mtu alitakiwa kuimaliza ndani ya siku 42. Ofisi inapobomolewa, madaftari huuzwa kwa kilo kufungia nyama au huachwa yanyeshewe. Kaunti ya Kiambu inaidhinisha ramani za ujenzi huo. Inaweza, kabla ya kuidhinisha, kumtaka mwenye shamba akabidhi madaftari ya zamani au aruhusu yapigwe picha. Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue zina wataalamu wa kuyapokea. Maktaba ya umma ya Thika inaweza kuweka nakala. Gharama yake ni ndogo kuliko ya lango moja la mtaa wenye ulinzi.

Limebaki pingamizi ambalo watu husema kwa sauti ya chini. Ukifufua waliosahaulika, unafufua kesi. Mjukuu wa skwota aliyepata karatasi ataanza kuuliza fungu la babu yake. Binti aliyeachwa nje ya kiapo atapata wakili. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Sheria ya Mirathi, kifungu cha 76, inaruhusu ruhusa ya kusimamia mali ifutwe ikithibitika kwamba korti ilifichwa jambo la msingi, na jamaa aliyefichwa ni jambo la msingi. Lakini tuwe wakweli kuhusu nani anaumia kwa ukimya huu. Mwenye hatimiliki analindwa na wakili, na rejista, na muda uliopita. Aliyefutwa hana chochote isipokuwa daftari la parokia na kikebe kilichoshika kutu. Na si kila anayetafuta anatafuta ekari. Wapo wanaotaka kujua tu yule ndugu wa babu alizikwa upande gani wa Mto Thika, na kama aliacha mke, ili watoto wa mke huyo, popote walipo, waitwe kwenye harusi na mazishi kama watu wengine. Kwa hao, ombi langu kwa wazee ni dogo: karatasi zisizo na shamba ndani yake zitolewe sandukuni, zisomwe kwa sauti mbele ya vijana, na zipigwe picha kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba hazina kazi.